Mwajiri, ulizia karatasi siku ya kwanza, usingoje siku ya msako

MWAKA 2012, kabla sijaingia katika kazi hii ya kalamu, nilikuwa na ghala la maharage na mahindi upande wa Rwanda, mwendo mfupi kutoka daraja la Rusumo. Nilikuwa na vijana watatu wa kupakia na kupakua. Mmoja wao alitoka ng'ambo ya mto, wilaya ya Ngara, Tanzania. Alikuja asubuhi moja akaniambia, "Shikamoo tajiri, naomba kazi." Nikamtazama mabega, nikaridhika, nikamwonyesha gunia la kwanza. Sikumwuliza jina la baba yake, sembuse karatasi.

Alikaa nami miezi saba. Wakaguzi walipopita walikuta vijana wawili wana vitambulisho, na yeye ana karatasi ya kuvukia mpaka iliyokwisha muda wake. Mimi nilipewa onyo na karipio, nikaambiwa nisirudie. Yeye alirudishwa kwao jioni ile ile, na mshahara wake wa wiki tatu ukabaki katika droo yangu. Nilimpelekea baadaye kwa mkono wa dereva wa lori. Mpaka leo sina hakika kama fedha zile zilimfika zote.

Naanza na kosa langu mwenyewe kwa sababu suala hili la nani ana haki ya kufanya kazi wapi, na nani mwenye wajibu wa kuhakikisha, limerudi tena mezani kwetu, na kila anayelizungumzia humnyooshea kidole mtu mwingine. Mwajiri humlaumu mfanyakazi kwamba alimdanganya. Mfanyakazi husema hakuulizwa. Mkaguzi husema sheria ipo, wasome. Na wakati wa kukamata ukifika, anayepandishwa kwenye gari ni yule yule mwenye mabega.

Mwezi uliopita alifika ofisini kwetu mama mmoja aliyerudi kutoka Karagwe mwaka 2013, wakati wa ile Operesheni Kimbunga ambayo Tanzania iliiendesha katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita dhidi ya watu waliohesabiwa kuwa wahamiaji haramu. Maelfu walivuka Rusumo siku zile wakiwa na godoro na sufuria, wengine wakiwa wamezaliwa kule na hawajapata kuiona Rwanda. Binti wa mama huyu alipata kazi ya jikoni katika hoteli moja ya mjini. Akafanya siku 11. Siku ya 12 meneja akamwita, akamwambia kwamba Kinyarwanda chake kina lafudhi ya Tanzania, kwa hiyo alete kibali cha kazi cha mgeni au aondoke. Binti akatoa kitambulisho cha taifa. Akajibiwa kwamba vitambulisho siku hizi vinapatikana.

Aliondoka. Na jikoni humo humo, anasema mama yake, yupo mpishi aliyetoka nje ya nchi ambaye Kinyarwanda chake kimenyooka kama rula, naye hakuna aliyemwuliza lolote.

Ndugu msomaji, hapo ndipo palipo na ugonjwa wenyewe. Meneja yule alidhani anatimiza wajibu wa kuhakiki. Ukweli ni kwamba hakuhakiki chochote, alisikiliza tu. Sikio si ofisi ya uhamiaji. Likitumika kama kipimo, humfukuza raia na kumwacha asiye na kibali.

Wajibu wa kuhakiki ni jambo dogo ukilitazama kwa utulivu. Kabla mtu hajashika kazi, mwajiri aone hati inayoonyesha kwamba mtu huyu ni raia, au ni mgeni mwenye ruhusa ya kufanya kazi hiyo, kwa mwajiri huyo, kwa muda huo. Aitazame, aulinganishe uso na picha, achukue nakala, aandike tarehe. Afanye hivyo kwa kila anayeajiriwa bila kuchagua, awe mtoto wa jirani au mgeni wa juzi. Kazi yote hiyo haizidi muda wa kunywa chai.

Lakini sisi wa mipakani tuna mkanganyiko wetu wa pekee, nao umetokana na jambo jema. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wake wavuke kwa kitambulisho cha taifa bila hati ya kusafiria. Ilikuwa nafuu kubwa. Mama wa nyanya wa Katuna na kijana wa mitumba wakapumua. Tangu hapo, hata hivyo, wengi wameamini kwamba kadi inayokuvusha ndiyo inayokupa kazi. La hasha. Kuvuka ni jambo moja, kuajiriwa ni jingine. Kitambulisho cha Kenya mkononi mwako kinamwambia ofisa wa Gatuna akupokee. Hakimwambii mwenye duka wa Kigali akuandike kwenye orodha ya mishahara.

Mkanganyiko wa pili ni wa ada. Rwanda, Kenya na Uganda zilifutiana ada ya kibali cha kazi kwa raia wa kila mmoja. Nimesikia kwa masikio yangu, pale stendi ya Nyakarambi, mwajiri mzima akisema, "Siku hizi kibali hakuna, kilifutwa." Kilichofutwa ni malipo, bwana mkubwa. Kibali chenyewe kipo, na mtu asiye nacho anahesabiwa hana, hata kama kingetolewa bure.

Wapo watakaonikumbusha Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010. Ni kweli itifaki hiyo inazungumzia uhuru wa wafanyakazi kuhama, na kanuni zake zimeweka hadi siku za kuhesabu: aliyepata mkataba wa zaidi ya siku 90 katika nchi nyingine mwanachama aombe kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu kufunga mkataba, na mamlaka itoe kibali ndani ya siku 30. Soma tena sentensi hiyo. Hata itifaki ya uhuru imekiacha kibali mahali pake. Aidha, kila nchi iliandika yenyewe aina za kazi ilizofungua, na orodha hizo zimewafikiria zaidi watu wenye vyeti vya taaluma. Kibarua wa kushusha mahindi hakukaa katika mawazo ya waandishi wake.

Kwa wasomaji wetu wanaofanya kazi upande wa Tanzania, au wanaotaka kwenda huko, hali iko wazi zaidi tangu mwaka 2015. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, Namba 1 ya mwaka huo, iliweka madaraka ya vibali vya kazi mikononi mwa Kamishna wa Kazi. Kibali cha ukaazi kikabaki Uhamiaji. Kwa hiyo karatasi ni mbili, kutoka milango miwili. Mwenye kibali cha ukaazi pekee hajakamilika, na mwenye kibali cha kazi pekee hajakamilika vile vile. Na jambo ambalo watu wetu hawalijui, au wamefichwa: anayeomba kibali cha kazi ni mwajiri. Yeye ndiye anayetakiwa kueleza kwa nini nafasi ile haikupata Mtanzania, na yeye ndiye anayetakiwa kuwa na mpango wa kumfundisha mwenyeji atakayeirithi kazi hiyo baadaye.

Basi ukiambiwa na tajiri wa ng'ambo, "Njoo uanze kazi, karatasi utajitafutia mwenyewe hapo hapo," elewa maana yake. Anakutupia mzigo ambao sheria imemtwisha yeye, na siku ya msako atasema hakujui.

Wafanyabiashara wenzangu wamechanganyikiwa pia juu ya ile amri ya Tanzania ya Julai 2025 inayowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, miongoni mwake kununua mazao shambani, kutengeneza simu na kuuza rejareja. Hiyo ni amri ya leseni za biashara. Haihusu moja kwa moja kuajiriwa. Nimeitaja kwa sababu tayari wapo wanaotafuta upenyo kwa kumwandika mwenyeji kuwa mwenye duka na wao wenyewe kujiita waajiriwa wake. Mwajiriwa wa kigeni naye anahitaji kibali cha kazi. Umetoka katika shimo moja ukaingia katika jingine, tena umemwingiza na mwenyeji wako.

Sasa nigeukie upande wetu wenyewe, maana tahariri za namna hii huwa zinasomwa kama zinawahusu wakubwa: mahoteli, makampuni ya ujenzi, viwanda. Wewe mama mwenye meza tatu za vitenge sokoni, uliyemchukua binti kutoka ng'ambo akusaidie kukunja na kukunjua, ni mwajiri. Wewe mwenye bodaboda nne uliyempa moja kijana wa Burundi au wa Uganda, ni mwajiri. Mwenye mgahawa wa wali na maharage kando ya maegesho ya malori, ni mwajiri. Ukubwa wa mtaji haukuondolei wajibu. Nchini Kenya, kifungu cha 45 cha Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 kinamkataza mtu yeyote kumwajiri mgeni asiye na kibali; hakikusema mtu yeyote mwenye ofisi ya ghorofa.

Wala usijifiche nyuma ya mkataba wa mdomo. Sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 inauruhusu mkataba usioandikwa mradi usivuke siku 90 mfululizo. Imeruhusu maneno yasiandikwe. Haijaruhusu usimjue unayemwajiri.

Jambo linalonishangaza ni kwamba sisi watu wa mipakani si wavivu wa karatasi. Muulize mama yeyote wa Rusumo kuhusu cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kile kinachotumika kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani. Atakueleza kinapatikana dirisha gani, kinagongwa muhuri na nani, na mzigo gani haumo kwenye orodha. Gunia la maharage tunalijua karatasi zake zote. Anayelibeba hatumjui hata jina kamili.

Nchi nyingine zimepita njia hii kabla yetu, na kwa kuwa kuna ndugu zetu wengi, Wakongo na Warundi hasa, waliohamishiwa Marekani kutoka makambini, nimepata kusikia kutoka kwao jinsi mambo yanavyokwenda huko. Marekani iliweka wajibu huu mwaka 1986. Kila anayeajiriwa, awe amezaliwa Chicago au ameshuka juzi kutoka Nyarugusu, anajaza fomu iitwayo I-9. Sehemu yake anaijaza asichelewe siku ya kwanza ya kazi. Mwajiri anazikagua hati na kujaza sehemu yake ndani ya siku tatu za kazi. Fomu inahifadhiwa miaka mitatu tangu kuajiriwa, au mwaka mmoja tangu kuacha kazi, kutegemea ni ipi inayochelewa.

Lakini kilichonivutia zaidi ni upande wa pili wa sheria ile. Mwajiri haruhusiwi kuchagua hati. Serikali imetoa orodha, na mfanyakazi ndiye anayechagua atoe ipi katika hizo. Mwajiri akidai hati fulani peke yake, au akidai za ziada kwa sababu jina la mtu limekaa kigeni au matamshi yake ni mazito, ni yeye anayekuwa mkosaji. Walijua tangu mwanzo kwamba ukimwambia tajiri "hakiki", na usimwambie namna ya kuhakiki, atawahakiki wale tu asiowapenda. Mfumo wao una kasoro zake, na waliojificha katika mashamba na machinjio ya kule ni wengi, hilo halifichiki. Hata hivyo yule meneja wa hoteli angekuwa kule, mama yule angekuwa na mahali pa kushtaki.

Uingereza nako kuna jambo la kuiga. Adhabu yao ni kali: tangu Februari 2024 mwajiri anaweza kutozwa hadi pauni 45,000 kwa kila mfanyakazi asiye na ruhusa, na hadi 60,000 akirudia. Pamoja na ukali huo, mwajiri aliyekagua hati inavyotakiwa kabla ya kazi kuanza, akaweka nakala, halafu ikagundulika baadaye kwamba alidanganywa kwa hati ya kughushi isiyoonekana kwa macho, haadhibiwi. Amefanya sehemu yake. Kwetu mwajiri mwangalifu na mwajiri mzembe hukutwa wamekaa benchi moja, na matokeo yake ni kwamba uangalifu hauna soko.

Nimeulizwa na rafiki mmoja, mwenye kiwanda kidogo cha matofali, kama ninataka kuwafungia milango watu wa ng'ambo. "Mgeni njoo mwenyeji apone," akaniambia, "na wewe ulikula jasho la mgeni." Ni kweli, nililila. Ndiyo sababu nasema. Mgeni asiye na karatasi hulipwa nusu, hulala ghalani, akiumia hapelekwi hospitali, na akidai anatishiwa kuitiwa askari. Kijana wangu wa Ngara nilimlipa pungufu ya wenzake, na sikuwa na sababu nyingine ila kwamba alikuwa hawezi kulalamika popote. Karatasi ingenipa mimi gharama na usumbufu kidogo. Yeye ingempa mahali pa kusimama.

Na hapa niseme kuhusu mshahara, kwa maana limeniuma muda mrefu. Wapo matajiri wanaosubiri kwa makusudi. Kibarua akikaribia siku ya malipo, simu inapigwa, msako unakuja, deni linakufa. Mkataba Namba 143 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1975, ambao Kenya na Uganda zimeuridhia, unasema mfanyakazi mhamiaji ambaye hali yake haiwezi kurekebishwa bado ana haki sawa juu ya malipo ya kazi aliyokwisha kuifanya. Kwa lugha ya sokoni: kukosa kibali hakufuti jasho. Nchi ambazo hazijauridhia mkataba huo hazina sababu ya kungoja ili kuiandika kanuni hiyo katika sheria zao.

Kuhusu waliorejea, serikali zetu zina deni la pekee. Anayerudi hupita katika kipindi ambacho hana kadi mkononi ila karatasi aliyopewa aliposajiliwa, na mwajiri asiyeijua karatasi hiyo huitazama kama kipande cha gazeti. Waajiri waonyeshwe sura ya karatasi hizo. Zibandikwe ofisi za tarafa na za wilaya, pale pale penye matangazo ya kodi. Tanzania nayo ina kazi ya namna hiyo kwa upande wake: zaidi ya watu 160,000 waliokimbia Burundi mwaka 1972, wao na watoto wao wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walipewa uraia, na vyeti vyao vikagawiwa kuanzia mwaka 2014. Hao ni Watanzania. Mwajiri wa Mpanda au wa Tabora anayemwomba mmoja wao kibali cha mgeni kwa kusikia tu Kirundi chake anakosea sawasawa na yule meneja wa hoteli yetu.

Ninachopendekeza hakihitaji bunge wala bajeti kubwa. Wizara zinazohusika na kazi zitoe fomu moja ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, inayotaja hati zinazokubalika kwa raia, kwa aliyerejea, kwa mkimbizi mwenye ruhusa na kwa mgeni mwenye kibali. Mwajiri aijaze siku ya kwanza, nakala moja abaki nayo, nyingine ampe mfanyakazi. Mkaguzi wa kazi wa wilaya akija aanze kwa kuomba fomu hizo kabla hajaanza kuhesabu nyuso. Mwenye fomu zote asisumbuliwe. Asiye nazo aandikiwe yeye, kwa jina lake na la biashara yake, na kibarua asiondolewe mpaka alipwe siku alizofanya. Ukaguzi wa kwanza uwe wa kufundisha. Miezi mitatu inatosha kuifikia mizani, masoko na maegesho yote ya malori ya mpakani.

Fomu hiyo iwekwe pia katika dirisha moja pale kituo cha pamoja cha Rusumo, Kagitumba, Gatuna, na kwingineko ambako mtu huvuka akiwa bado hajajua atafanya kazi kwa nani. Avuke akiwa nayo mkononi, na akifika kwa tajiri mwenye ghala aitoe kabla hajaonyeshwa gunia.